"Huyu mtoto shida yake ni akili au lugha?" Bibi Mwalimu anajibu barua zenu

Haya jamani, mwezi huu barua zimekuwa nyingi mpaka mhariri kaniambia Bibi chagua, nikamwambia niache nifungue moja moja, nafasi ikiisha imeisha. Karibu zote zinauliza kitu kimoja kwa sura tofauti: mtoto yuko darasa la kawaida na wenzake, kuna mahali ananasa, na mzazi au mwalimu hajui ananasia wapi. Mimi nimeshika chaki miaka thelathini na kitu, ile ya mwishomwisho nikiwa kwenye kitengo cha elimu maalumu ndani ya shule ya kawaida, kwa hiyo nikijibu kwa ukali mnisamehe, ni mazoea.

Mjanja dukani, kitabuni jasho

*Shikamoo Bibi Mwalimu. Mwanangu ana miaka 11 yuko darasa la nne, hajui kusoma. Mdomoni mjanja balaa, anajua nauli zote kutoka Mbagala mpaka Mwenge na chenji hapunjwi, ukimtuma dukani vitu vitano anakuletea vitano. Mpe kitabu sasa, anatoka jasho. Mwalimu wake anasema mvivu na fimbo anakula kila siku, baba yake anasema makusudi, tuisheni tumelipa mwaka mzima hamna kitu. Jirani ananishauri nimpeleke kwa mtaalamu wa mitishamba. Mwaka huu kuna upimaji wa taifa naogopa atakaririshwa darasa. – Mama mwenye mawazo, Mbagala*

Marahaba mwanangu. Hela ya mitishamba nunua mchele mle.

Siwezi kumpima mtoto kwa barua, hilo tuelewane, lakini mtoto anayeshika nauli za daladala, chenji na vitu vitano vya dukani bila karatasi huyo akili anayo. Kinachogoma ni njia moja tu, ile ya kutoka kwenye herufi kwenda kwenye sauti. Kuna hali inaitwa disleksia, mtoto anazaliwa nayo, mara nyingi ukichimba kwenye ukoo utakuta mjomba au baba mwenyewe naye alihangaika hivyohivyo (muulize mzee nyumbani taratibu, usimuulize mbele ya watu). Haina uhusiano na uvivu, haitokani na kurogwa, na haina dawa ya kunywa. Ina namna ya kufundishwa.

Shida ni kwamba maelezo mengi ya disleksia mnayoyakuta kwenye intaneti yanamhusu mtoto anayesoma Kiingereza, lugha ambayo herufi zinaandikwa hivi zinasomwa vile. Kiswahili chetu kinasomwa kama kilivyoandikwa, kwa hiyo mtoto wetu mwenye tatizo hili mara nyingi neno analifikia, ila anafika amechoka. Ba, ba-ba, baba, a-na, ana-ku, anakula... akifika mwisho wa sentensi ile ya mwanzo imeshayeyuka, ukimuuliza nani anakula anakutazama. Mwalimu anasikia amesoma, anadhani ameelewa. Halafu maneno yetu ni marefu, mnaelewa, "hawakutuambia" ni neno moja lakini ndani mna watu na wakati na kukataa, kwa mtoto huyu ni sawa na kupanda ghorofa bila ngazi. Na kuna wengine wanaficha vizuri sana, chati ya ba be bi bo bu wameikariri kama wimbo, gusa silabi katikati bila kufuata mstari ndo utajua.

Sasa fanya hivi. Kabla ya yote mpeleke akapimwe macho na masikio, hospitali ya wilaya inatosha, maana nimeona watoto wameitwa wazito miaka minne kumbe hawaoni ubao. Yakiwa mazima, rudi mwanzo kabisa kwenye sauti na usione aibu kwamba yuko la nne. Okoteni vizibo vya soda, andika kwa maka pen silabi moja kila kizibo, ajenge maneno kwa mkono, m-ka-te, avunje, ajenge tena. Herufi anazochanganya, b na d kwa mfano, fundisha moja mpaka ikae ndipo ulete ya pili, usizilete siku moja. Aandike kwa kidole kwenye mchanga au kwenye unga kabla ya kalamu. Neno refu mlikate pamoja, ha-wa-ku-tu-ambia, mwambie kila kipande kinafanya kazi gani, watoto wanapenda kuona hilo. Dakika kumi na tano kwa siku, kila siku, kisha funga. Saa mbili za tuisheni Jumamosi na mwalimu anayerudia kilekile kwa sauti kubwa zaidi ni kumwaga hela, samahani lakini ndivyo ilivyo.

Na usiku msomee wewe, hadithi yoyote, gazeti, hata maandishi ya kwenye pakiti ya majani ya chai. Masikio yake yasibaki darasa la kwanza eti kwa sababu macho yake yako huko.

Shuleni usiende kwa shari. Nenda na daftari la mazoezi yenu ya nyumbani, mwambie mwalimu nyumbani tunafanya hivi na hivi, naomba sayansi na maarifa umuulize kwa mdomo uone. Ndio mlango wa kuingilia, akimsikia anavyojibu kwa mdomo atashtuka mwenyewe. Suala la fimbo likiendelea, mkumbushe mwalimu mkuu kwa adabu kwamba kanuni za adhabu ya viboko za 2002 zinazungumzia makosa makubwa ya nidhamu, viboko visizidi 4 na mwenye mamlaka ni yeye mkuu au aliyemkabidhi. Kutojua kusoma sio utovu wa nidhamu. Kwenye halmashauri uliza afisa elimu maalumu, kazi yake ni pamoja na kuelekeza watoto wapimwe wapi.

Kukaririshwa darasa kwenyewe si mwisho wa dunia, ila kama atarudia mwaka uleule kwa fimbo ileile na ubao uleule basi mmempa adhabu ya mwaka mmoja.

Hageuki nikimwita

*Mwalimu, habari za huko. Nimepangiwa kazi huku Longido, mimi kwetu Songea, Kimaasai salamu yenyewe nimejifunza juzi. Darasa la kwanza nina watoto 94 na wengi Kiswahili wamekianzia kwangu. Kuna mmoja ana kama miaka tisa, alichelewa kuandikishwa alikuwa anachunga, haongei kabisa. Wenzake baada ya miezi minne wanasema "mwalimu naomba kwenda chooni", yeye ananitazama mdomo tu. Nikiwa naandika ubaoni nikaita jina lake hageuki mpaka mwenzake amguse. Kuna fomu ya takwimu inataka idadi ya wenye ulemavu, nimefikiria kumjaza kwenye ulemavu wa akili. Nashauriwaje?*

Mwalimu mwenzangu, weka kalamu chini kwanza. Umejijibu mwenyewe humo humo kwenye barua: anatazama mdomo, hageuki akiitwa kwa nyuma mpaka aguswe. Huyo mimi ningeanzia masikioni.

Nikusimulie kitu ambacho sikisimulii kwa furaha. Miaka ya tisini nikiwa mwalimu mchanga, shule sitaitaja maana kosa lilikuwa langu, nilikuwa na binti anakaa benchi la nyuma. Nikiuliza swali anatabasamu. Nikisema simameni anasimama wa mwisho, huku anaangalia wenzake. Nikaona huyu ananidharau, nikamchapa, si mara moja. Mwezi wa nane bibi yake akaja na kikapu cha ndizi kunishukuru kwa kumfundisha mjukuu wake, katika maongezi ananiambia, unajua mwalimu huyu tangu augue homa ya uti wa mgongo hasikii. Nikakaa chini. Ndizi zile sikuzila. Nimemchapa mtoto kwa kutotii amri ambayo kweli hakuisikia, na yeye alikuwa ananitabasamia kwa sababu ndicho kitu pekee alichoona kinanipunguza hasira.

Kwa hiyo mjaribu kesho. Wakati wanacheza nje simama nyuma yake kama hatua tatu, piga makofi, ita jina, gonga kopo, angalia. Fanya tena ukiwa kushoto, tena kulia, maana wapo wenye sikio moja. Angalia kama masikio yanatoa usaha, huo ugonjwa ni wa kawaida sana kwa watoto na ukiachwa unakula usikivu kidogokidogo, na unatibika zahanati. Halafu, hili ndilo muhimu kuliko yote, tafuta mtu amwulize mama yake kwa Kimaasai: huyu mtoto nyumbani anaongea? Kama nyumbani kwa lugha yake anapiga stori na kuwatania ndugu zake na mbuzi anawaita kwa majina, basi hana ulemavu wa akili, ana lugha ya pili ya miezi minne. Kama hata nyumbani alichelewa kuongea, haelewi mpaka umwonyeshe kwa mkono, hapo kuna kitu cha kupimwa. Swali hilohilo ningependa kila mwalimu nchi hii alijue kabla hajajaza fomu yoyote. Ukipima akili ya mtoto kwa lugha asiyoijua unachopima ni lugha.

Na ikithibitika hasikii, asiachwe akae tu kwenye hilo benchi akiangalia midomo. Anahitaji lugha ya alama na watu wa kuongea nao, kwa hiyo afisa elimu maalumu wa halmashauri aambiwe mapema atafutiwe shule yenye kitengo cha viziwi, maana mtoto wa miaka tisa ambaye hana lugha yoyote iliyokamilika kila mwezi una gharama. Ukisubiri mwisho wa mwaka umemla mwaka.

Sasa hao 93 waliobaki. Najua unachopitia, serikali lugha yake ya kufundishia msingi ni Kiswahili na nchi ina makabila zaidi ya 120, wewe umetua katikati. Lakini usione kama watoto hawana kitu kichwani. Kimaa, yaani hicho Kimaasai, ni lugha ya mbali kabisa na Kiswahili, sio kama Kibena au Kingoni ambako mtoto anakuja tayari na ngeli zake kichwani anabadilisha tu viambishi. Kwenye Kimaa kitenzi kinatangulia, na nomino zinagawanywa kwa jinsia, kuna za kiume zinazoanza na ol- na za kike zinazoanza na en-, ng'ombe ni enkiteng, maji ni enkare. Sasa huyo mtoto umwambie kikombe changu, mkate wangu, nyumba yangu, maji yangu, anajiuliza haya mabadiliko yanatoka wapi. Akisema "maji changu" usicheke na usiruhusu darasa licheke, maana akichekwa mara mbili anafunga mdomo mpaka Pasaka.

Wakalishe wawili wawili, kila asiyejua na mmoja aliyekiwahi Kiswahili, labda mtoto wa mwenye duka au wa muuguzi, huyo ndiye mkalimani wako wa bure. Neno jipya lije na kitu chake mkononi, kibuyu, kamba, jiwe, huko kwenu vitu havikosekani. Wahesabu kwa Kimaasai kwanza ndipo kwa Kiswahili, hesabu ni ileile. Wewe jifunze maneno yako hamsini, ukikosea wakucheke wewe, hapo ndo wataona kukosea sio dhambi. Na usidanganywe na "naomba kwenda chooni". Mtaalamu Jim Cummins wa Canada ameeleza toka 1979 kwamba Kiswahili, au lugha yoyote ya pili, cha kuongelea uwanjani ni kitu kimoja na cha kusomea ni kingine. Cha uwanjani mtoto anakipata kama miaka miwili, cha kufikiria masomo huchukua miaka mitano mpaka saba. Sasa sisi mtoto akishaongea kidogo tu tunamwondolea msaada halafu la nne anaanguka tunashangaa.

Si wana shule zao?

*Bibi mimi nasema ukweli, nafundisha hesabu Mwanza, darasa lina watoto zaidi ya mia, mnaleta asiyeona, mnaleta mwenye usonji, mnaleta asiyejua lugha, mwalimu ni mmoja. Si wana shule zao? Kwa nini wasipelekwe huko?*

Shule zao zipi? Hesabu wewe unaijua kuliko mimi, chukua shule maalumu zilizopo, chukua watoto wenye ulemavu walioko vijijini, gawanya. Na hizo zilizopo nyingi ni za bweni, maana yake mtoto wa miaka sita aachane na mama yake ili ajifunze a e i o u.

Ila una haki kwenye kitu kimoja na nitakuunga mkono popote: kumleta mtoto darasani bila mwalimu msaidizi, bila kifaa, bila hata kitabu cha nukta nundu, halafu tukaita elimu jumuishi, huo ni usanii. Tamko la Salamanca la 1994, lile la kimataifa la elimu ya wenye mahitaji maalumu, ambalo ndio wengi wanalirejea, halikusema mrundike, lilisema shule ya kawaida ndio ibadilike ili imbebe. Sheria yetu ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 nayo inampa haki ya kusoma na wenzake pamoja na huduma anazohitaji. Kwa hiyo hasira yako ni halali ila umeipeleka kwa mtoto, ipeleke halmashauri, kwa maandishi, ubaki na nakala.

Halafu mengi yanayomsaidia yeye yanawasaidia hao mia wote. Sema kwa sauti kila unachoandika ubaoni. Andika kubwa. Usiongee huku umetupa mgongo. Mwambie mwanafunzi mmoja arudie swali kwa maneno yake kabla hawajaanza kufanya. Kuna lililohitaji bajeti hapo?

Alikuwa wa tatu, sasa wa mwisho

*Mwalimu shikamoo. Binti yangu darasa la saba alikuwa hatoki tatu bora, shule yetu ya msingi ya Kiswahili hapa Morogoro. Kidato cha kwanza sasa hivi muhula umeisha ni wa 140 kati ya 152. Hajibu darasani, akirudi analala. Mama yake anahisi ni mambo ya wavulana. Walimu wanasema hana msingi. Nimwondoe nimpeleke private? Hela yenyewe ya kuungaunga.*

Marahaba baba. Kabla ya wavulana, mwulize usanisinuru ni nini.

Nina hakika atakueleza: mmea, jani, mwanga wa jua, maji, hewa ya ukaa, chakula. Alifundishwa msingi. Halafu mwonyeshe kitabu cha baiolojia cha sekondari kilivyoandika fotosinthesisi, aya nzima kwa Kiingereza. Kitu ni kilekile, ila mwezi wa kumi na mbili alikijua, mwezi wa kwanza akaambiwa hakijui. Binti yako hajawa mjinga wakati wa likizo.

Hii habari ni ya zamani kuliko umri wake. Tume ya Makwetta, ile ya Rais ya kuangalia elimu, mwaka 1982 ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia kidato cha kwanza ifikapo 1985, serikali ikakataa. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Uingereza, Criper na Dodd, wakapima Kiingereza cha wanafunzi wetu wakakuta hakitoshi kabisa kusomea. Profesa Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam amelisema miaka nenda rudi, kwamba Kiingereza kifundishwe vizuri kama somo na maarifa yaje kwa lugha mtoto anayoelewa. Mimi niko upande wake na sijifichi. Lakini binti yako hawezi kusubiri sera, mitihani yake ni ya Kiingereza, kwa hiyo tucheze mpira kwenye uwanja uliopo.

Usimhamishe. Private utakayoiweza kwa hela ya kuungaunga mara nyingi ina shida ileile na sweta nzuri. Mnunulie kamusi ya Kiingereza na Kiswahili, na daftari moja aligawe katikati kwa rula: kushoto neno la Kiingereza, kulia maana yake kwa Kiswahili na kamchoro. Maneno matano kwa siku kutoka kwenye masomo ya kesho yake, sio maneno ya salamu, hayo hayamsaidii. Hasa yale maneno ya maswali, eleza, linganisha, taja, fafanua, kwa Kiingereza chake, maana watoto wengi jibu wanalo ila hawajui wameulizwa nini. Kila mada asome kwanza kwenye vitabu vyake vya la sita na la saba, vimo kabatini usiviuze, aelewe kwa Kiswahili ndipo aingie kwenye Kiingereza. Na usiku akueleze wewe kwa Kiswahili alichosoma. Usijali kama wewe huelewi, yeye akielezea ndo anaelewa.

Walimu waombe ruhusa moja tu: wakifanya kazi za makundi wajadili kwa Kiswahili, waandike kwa Kiingereza. Walimu wengi wanafanya hivyo kimyakimya mkaguzi akishaondoka, nawajua. Na kama shuleni kuna ule mtindo wa kumvalisha kibao shingoni aliyeongea Kiswahili, nenda kasimame ofisini kwa mkuu kiume. Mtoto aliyeogopeshwa kuongea hajifunzi lugha yoyote, ananyamaza tu, na ndicho unachokiona.

Akiendelea kulala sana na kukonda hata baada ya haya, basi hapo mama yake akae naye, wawili tu.

Banasema mutoto haelewi

*Bonjour Bibi. Niko mama wa Uvira, tulikaa mu kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, myaka tisa, sasa tuko Marekani, Ohio, mwaka moja na nusu. Mutoto wangu wa myaka kumi, ku masomo banasema hajue kusoma, banataka kumupima bamutie mu kalasi ya batoto benye shida. Banatuma barua ya Kiingereza nisaini. Mwalimu moja alisema tuache Kiswahili mu nyumba tuongee Kiingereza tu. Mimi Kiingereza sijue. Nifanye namna gani?*

Bonjour mama, pole na safari hiyo yote.

Usisaini kitu ambacho hujasomewa kwa lugha yako. Huko Marekani shule ya serikali inatakiwa ikupe mkalimani bila malipo kwenye kikao kama hicho, na bila ridhaa yako hawaanzi kumpima mara ya kwanza. Sema neno hili tu: Swahili interpreter, please. Ukiona wamekuletea mtoto wa jirani akutafsirie, kataa, sio kazi ya mtoto.

Kwenye kikao wasimulie safari ya lugha yake, maana kwenye makaratasi yao haimo. Nyarugusu watoto wenu mlisomesha kwa mtaala wa Kongo, kwa Kifaransa, na nyumbani huenda ni Kibembe au Kifuliiru, kambini Kiswahili, na sasa Kiingereza cha mwaka mmoja na nusu. Huyo ni mtoto wa lugha nne, na hajapewa muda wa kutosha kusoma hata moja. Sheria yao ya elimu ya watoto wenye ulemavu inataka mtoto apimwe kwa lugha yake pale inapowezekana, na mahakama yao kuu mwaka 1974, kesi ya watoto Wachina wa San Francisco, ilisema kumweka mtoto darasani asikoelewa lugha bila kumsaidia si kumpa nafasi sawa. Kwa hiyo uliza maswali mawili. Anapata masaa mangapi ya mwalimu wa Kiingereza kwa wageni kila wiki? Na mmempima kwa Kiswahili?

Lakini mama, na mlango wa pili usiufunge. Mtoto anaweza kuwa na lugha mpya na pia akawa na shida ya kujifunza, vyote pamoja, na wapo wazazi waliokataa vipimo kwa hofu mtoto akakosa msaada wa bure ambao huku kwetu tungeuuzia ng'ombe. Jiulize mwenyewe: kwa Kiswahili anasimulia vizuri? Alianza kuongea wakati mmoja na ndugu zake? Ukimwagiza mambo matatu anayakumbuka? Kama ni ndiyo, wape muda na wadai msaada wa lugha. Kama ni hapana, waambie hivyohivyo, na wakubalie wampime, kwa Kiswahili.

Kuhusu kuacha Kiswahili nyumbani, usithubutu. Utamfundisha Kiingereza gani wakati wewe hunacho? Mpe hadithi, methali, hesabu za sokoni, umbea wa ukoo, vyote kwa lugha unayoimudu mpaka kwenye matusi yake. Kiingereza atakipata, mwalimu wake yupo na analipwa.

Na hii fupi

*Shikamoo Bibi, mimi ni mwanafunzi mwenye ualbino kidato cha tatu Kahama. Ubao sioni hata nikikaa mbele, mwalimu akifuta nakuwa sijamaliza. Mwakani ni mtihani wa taifa, kuna msaada wowote au ndo basi tena?*

Marahaba mjukuu wangu. Msaada upo, tena ni haki yako. Baraza la Mitihani linatoa karatasi zenye maandishi makubwa kwa wenye uoni hafifu, na muda wa nyongeza, dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine. Lakini lazima uandikishwe hivyo wakati wa usajili, kwa hiyo mwone mwalimu wa taaluma mwezi huu, sio mwakani, na uone kwa macho yako hayohayo jina lako limeandikwa nini.

Darasani usikae mbele tu, kaa mbele ukiwa umeligeuzia dirisha mgongo, mwanga wa jua ukikupiga usoni ndo unaua kabisa. Omba ruhusa ya kusogea mpaka ubaoni. Rafiki mwenye simu apige picha ubao kabla haujafutwa kama shule inaruhusu, kama hairuhusu mwalimu akuachie noti zake usiku mmoja. Na kofia ya mapana uivae mpaka paredi, mkuu akikuuliza mwambie Bibi kaniambia.

Ukishaandikishwa niandikie.